Nilivyokuwa mkalimani wa mama mkwe wangu kambini Dzaleka

Wakuu, hamjambo humu. Hii sikuisikia kijiweni, ilinikuta mwenyewe. Mama mkwe bado yuko hai na wajukuu wanamsomea kila kitu, kwa hiyo sina ubavu wa kudanganya.

Ni miaka ile vita ya pili ya Kongo ilipotutoa kwetu Fizi, tukafika kambi ya Dzaleka, Malawi. Kiingereza nilikiokota njiani Tanzania, basi mtaa mzima mi njo nilikuwa mdomo wao kliniki. Nilijiona bonge la mtu, acha tu.

Kulikuwa na mwalimu wa chuo kimoja Lilongwe, Madamu Chisomo, anafundisha uuguzi. Msimamo wake: mwanafunzi hapati maksi mpaka elimu yake imfae mtu wa mtaani. Akawa anawaleta wanafunzi wake kambini, wanaingia nyumba kwa nyumba, wanasikiliza, kisha wanasaidia.

Siku hiyo walikuwa wanauliza akina mama habari za ugonjwa wa matiti, wakafika kwa mama mkwe. Mkalimani nani? Mimi!

Wakuu, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hata ugali hamli pamoja. Sasa kijana wa chuo ananiambia, "Muulize kama matiti yanamuuma."

Nikatazama ukuta, nikasema, "Mama, banauliza kama uko muzima."

Naye, kitenge kimemfunika uso, akaujibu ukuta wa upande wake: "Niko muzima. Mungu iko."

Nilipomfasiria, kijana akafurahi, akataka kuhamia nyumba ya pili. Madamu, aliyetuona tunaongea na kuta, akamzuia, akaniuliza, "Huyu mama ni nani wako?"

"Mama ya bibi yangu," yaani mke wangu.

Akapiga makofi. "Iyayi, hapana! Hata sisi Wachewa, mkwe haulizi hayo!" Akawageukia wanafunzi wake. "Hamjamsikia mgonjwa. Mmemsikia mkwe wake."

Akaniomba kwa upole nitoke. Akaitwa Mama Riziki, jirani yetu fundi cherehani, ambaye Kichewa kilimkaa mdomoni kwa biashara zake za soko la Lumbadzi. Mlango ukafungwa.

Nilikaa nje. Bibi yangu Furaha, aliyebaki ndani na mama yake, akatoka analia. Mama alikuwa na kivimbe kwenye titi, amekificha muda mrefu, hata mtoto wake hakumwambia. Kila akifikiria kliniki, ananiona mimi nimekaa pale. Roho iliniuma jamani.

Madamu akampeleka hospitali Lilongwe, akafanyiwa operesheni. Wanafunzi walipokezana kukaa naye pamoja na Mama Riziki. Baadaye wakarudi kuwafundisha bamama wa kambi ukalimani wa kliniki, na hiyo njo ilikuwa mtihani wao.

Mama alipona. Aliporudi nyumbani alipika sombe, kisamvu cha kwetu, akamtuma Furaha: "Mupelekee yule alitokaka inje."

Nililia juu ya ile sahani, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: kuna siku msaada wako ni kupisha. Leteni maoni yenu, wakuu. Ila kabla hujaandika, jiulize mama yako akienda hospitali anaongea mbele ya nani.