Mlango wa Kilo Tisini

Springi ya mlango wa banda la gari ilikatika Jumatatu asubuhi, nikiwa jikoni nakunywa uji. Ulikuwa mlio kama wa tairi la lori linalopasuka. Mabati ya paa yalitetemeka. Mke wangu akasema, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Nenda kamwangalie baba."

Baba yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amefika Iringa wiki moja kabla, kutoka Rungwe, kwa ajili ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lingefanywa kwanza, siku ya Ijumaa. La kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa. La kulia lilimwonyesha mwanga na vivuli.

Hapa lazima nieleze nyumba yangu, maana kosa lilianzia kwenye ramani. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, na akimwona njiani anaacha njia. Wako wengi wa mjini walioachana na jambo hilo. Mke wangu hajaacha, na baba hajawahi kumwomba aache. Kwa hiyo nilipojenga, nilichora mwenyewe chumba cha baba nyuma ya banda la gari, chenye choo na bafu lake. Kilikuwa na milango miwili. Mmoja ulielekea jikoni, ili mimi nimpelekee chakula. Mwingine ulitokea bandani, na kutoka bandani kuna mlango mkubwa wa chuma, ule wa kupanda juu kwenye reli, unaofungukia uani upande wa barabara. Baba angeingia na kutoka kwa njia hiyo bila kumsumbua mtu. Niliipenda sana ramani hiyo. Niliionyesha hata kwa watu ambao hawakuniomba.

Mlango wenyewe niliununua Mbeya kwa muuza mitumba ya makontena. Juu yake kuna mhimili, na kwenye mhimili kuna springi nene kama mkono, inayobeba uzito. Ikikatika, mlango unabaki uzito mtupu. Niliupima kwa mizani yangu ya kuning'iniza, ncha moja baada ya nyingine. Ulikuwa na kilo tisini.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani za sokoni na za maghala ya mahindi. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kufungua mizani mbovu na kusoma kila kitabu nilichokipata. Springi nazijua. Kwa hiyo nilikaa chini nikaandika unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu, na idadi ya mizunguko. Kisha nikaenda kuitafuta.

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi pale Mlandege, mzee wa Kiislamu mwenye duka linalojaa mpaka barazani, aliisoma karatasi yangu kwa makini, akaigeuza, akaisoma tena.

"Shikamoo nimeitikia, karatasi nimesoma," alisema. "Springi ninayo ya godoro."

"Mzee, nina shida kweli."

"Nami nakujibu kweli. Mji huu una milango mingapi ya hivyo? Wako, na wa nani?"

Nilimpigia simu yule muuza mitumba wa Mbeya. Alisema springi peke yake hana, ila ana mlango mwingine mzima. Baada ya kubishana sana alikubali kuifungua springi ya mlango huo na kuituma kwa basi, wiki ijayo, akipata nafasi.

Wiki ijayo haikunifaa. Jumanne asubuhi mimi na jirani tuliuinua mlango kwa mikono, tukaukingia nguzo ya mti wa mlingoti. Baba alitoka, akakaa kwenye jua. Iringa mwezi wa saba mtu anahitaji jua. Alipoinuka kurudi ndani, nguzo iliteleza kwenye sakafu ya saruji na mlango ukashuka wote. Alikuwa amebakiza hatua mbili. Hakuona kilichoanguka, alisikia tu. Pale pale nikapiga marufuku kuinua mlango mpaka utengenezwe.

Ikabaki njia ya jikoni. Mchana huo niliita, "Baba anapita!" Mke wangu akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, mikono imejaa unga, ugali ukaungulia jikoni. Baba alipita polepole, akipapasa ukuta, akasikia harufu ya kuungua na nyayo zinazokimbia. Jioni nilipomwambia apite tena, alikataa.

"Siwezi kumkimbiza mwenye nyumba jikoni kwake."

"Basi vumilia siku mbili, baba."

"Umenifungia kama kuku. Hata kuku asubuhi hufunguliwa." "Kesho kutwa nipeleke stendi. Macho haya nimezoeana nayo."

Nilijua hatanii. Mfuko wake ulikuwa tayari kitandani, umefungwa kamba. Nafasi ya upasuaji tulikuwa tumeisubiri miezi mingi, na akirudi Rungwe hangekuja tena.

Ndiyo maana Jumatano nilifanya jambo ambalo nisingemruhusu mteja wangu alifanye. Nilimleta fundi wa kuchomelea kutoka Ipogolo, anayetengeneza malori ya barabara kuu. Aliiangalia springi iliyokatika, akacheka.

"Hii tu, mzee wa mizani? Mimi nimechomelea chesisi ya semi iliyobeba saruji."

"Chesisi haijikunji. Ukiichoma springi kwa moto, inakufa pale ulipoichoma."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma, na nimeona."

"Umesoma! Chuma na chuma vikishikana, vimeshikana. Wewe leta umeme."

Nilileta umeme. Aliichomelea, tukaifunga, tukaikaza kwa nondo huku nikiwa nimesimama pembeni, si mbele yake, na kumlazimisha naye asimame pembeni. Mlango ulipanda mara ya kwanza. Ukapanda mara ya pili. Fundi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mara ya tatu springi ilikatika sentimita moja kutoka kwenye weldi, mahali hasa nilipomwonyesha kwa kidole. Alikusanya vifaa vyake, akasema chuma cha Wachina siku hizi hakiaminiki.

Sikuwa na hasira naye. Nilijichukia mwenyewe. Nilikuwa na elimu, nikaiweka mfukoni kwa sababu nina haraka.

Usiku nilipiga hesabu nyingine: niachane na springi kabisa. Ninayo mawe ya mizani ya chuma, ya kilo ishirini ishirini. Nikiyaning'iniza kwa waya unaopita kwenye kapi, lile gurudumu la kuvutia mizigo, manne yatabeba themanini, na kumi zilizobaki mtu anainua kwa mkono mmoja. Ilikuwa hesabu safi. Nilipaswa kuifanya Jumatatu. Alhamisi asubuhi nilimwomba baba anisubiri mpaka mchana. Alikuwa anakaza kamba ya mfuko wake. Nikashuka Ipogolo kutafuta waya na makapi, na nikazunguka gereji nne kabla ya kupata makapi mawili yanayolingana.

Niliporudi, saa sita, mlango ulikuwa umeinuliwa mpaka usawa wa bega. Ulikuwa umekingiwa nguzo mbili, si moja, na chini ya kila nguzo palikuwa pamepigiliwa kabari ya ubao ili isiteleze. Baba alikuwa nje juani, amekaa juu ya ndoo, mgongo kwa nyumba. Ujanani alikuwa mpasua mbao, kazi ya watu wawili msumeno mmoja, na kabari zile nilizitambua ni zake.

"Nani kakusaidia kuinua?"

"Sijui."

"Baba, zile ni kilo tisini."

"Ilikuja nguvu ya upande wa pili. Nilihesabu tatu, mlango ukapanda. Sikuona mtu. Macho yangu unayajua."

Nikaingia jikoni. Mke wangu alikuwa anachekecha unga.

"Umemsaidia baba?"

"Mimi nilikuwa hapa."

"Peke yake asingeweza."

"Baba watoto, mimi nilikuwa hapa," alisema, bila kuniangalia. Khanga aliyokuwa ameitanda kichwani ilikuwa bado imemfunika mpaka puani, na ilikuwa na vumbi la kutu begani.

Nikarudi nje na waya wangu. Baba alisikia nikiuburuta, akageuza kichwa.

"Ukuta wote huu mrefu," alisema, "hukuona pa kuweka mlango wa mtu? Ukanipitisha mlango wa gari."

Fundi mwashi alikuwa ameniuliza swali hilo hilo wakati wa kujenga. Nilimjibu kwamba mlango wa pembeni ungeharibu ramani.

"Na stendi?" nilimuuliza baba.

"Stendi ya nini? Kesho si ndiyo Ijumaa?"

Nilifunga makapi na mawe mchana kutwa. Jioni mlango ulipanda kwa mkono mmoja, kama nilivyopiga hesabu, na hakuna aliyetoka kuutazama.

Ijumaa asubuhi niliwahi kuufungua ili nitoe gari. Jua lilikuwa linaupiga mlango kwa upande, na ndipo nilipoona kwa ndani, kwenye ncha ya kushoto, alama za vidole vinane vya unga, vimeelekea chini, kama vya mtu aliyeinua akiwa amegeuza mgongo. Ncha ya kulia palikuwa na alama za vumbi, kubwa zaidi. Kati ya hizo na hizo palikuwa na upana wote wa mlango.

Baba alikuwa bado anavaa koti. Wakishamfungua bandeji, angerudi kupitia hapo hapo, akiona. Nilichukua kitambaa cha kufutia gari, nikakilowesha, nikaufuta unga. Kisha nikamwita twende.