Kipande cha Heshima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama katikati ya wanaume walioketi na hakuna aliyeniita. Ilikuwa siku ya ntheo ya mjukuu wangu Mwende, hapa kwetu Kilungu. Ntheo si mchezo. Mbuzi wa upande wa mume wanaletwa, wanachinjwa kwa kina binti, wakwe wanakula pamoja, na baada ya hapo binti ana mwenyewe. Ukiharibu nyama hiyo umeharibu ndoa.

Wageni walitoka Kwa Vonza. Aliyeshika kisu ni babu ya bwana harusi, Mzee Kilonzo. Akakata kipande cha mgongo, mafuta meupe yamelala juu yake kama godoro, akamnyoshea mume wangu, mzee Muthiani.

"Shika, mwenye binti. Kinono ni cha mkubwa."

Mzee wangu hakunyosha mkono.

Ngoja nikueleze habari ya mkono ule. Wiki iliyotangulia kikombe cha chai kilimponyoka. Akaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine. Baada ya muda vikarudi, akaniambia nisimwambie mtu. Nikamvuta mpaka hospitali. Daktari akasema mafuta kwenye damu yamepanda tena, kolesteroli wanaiita, na ile ya kikombe ilikuwa ni kiharusi kimebisha hodi.

Dawa alikuwa anameza. Jikoni kwangu chupa ya mafuta ilikuwa imesahau njia. Lakini kila mazishi, kila harambee, kila arusi, wanamkatia kipande kimoja cha heshima, na yeye anaona haya kukataa. Kipande kimoja hakiui mtu, najua. Lakini kipande kimoja kina ndugu wengi. Na mdogo wake mzee wangu tulimwona akilala upande mmoja, mke anamlisha kwa kijiko kama mtoto, mpaka tukamzika.

Basi kipande kinamngoja. Akikataa, wageni watasema wamenyimwa binti. Akila, mimi ninarudi nyumbani na mwenye kiharusi. Mwende alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mikono mdomoni. Nikaona mkono wa mzee wangu unaanza kuinuka.

Hapo nikamsikia marehemu mama mkwe wangu, Syokau. Nilipoolewa nilikuwa msichana wa kujiona. Nilitaka wajue nimetoka kwa watu wanaojiweza, nikamwagia isyo mafuta ya mkebe mpaka mahindi na maharagwe yakaogelea. Mama mkwe akaonja, akaweka bakuli chini, wageni wakitazama. "Msichana, tumbo si ngozi, halipakwi mafuta. Hapa hatunoneshi mume wa kuuza sokoni." Nililia siku hiyo. Nilidhani ananiaibisha. Kumbe alikuwa ananiachia mdomo wa kusema siku kama hii.

Nikasimama. "Mzee Kilonzo, usimpe."

Shangazi wa bwana harusi akaruka, "Haiya! Huku wanawake ndio wanapokea nyama?"

"Huku wanawake ndio wanabaki kulisha kwa kijiko," nikamjibu, na sikumwangalia. "Mkwe wangu, binti ni wenu, tumewapa kwa moyo wote. Lakini mafuta hayo daktari amemkataza huyu, na yeye anaona aibu kusema. Ukimheshimu nayo, utarudi hapa kumzika."

Kisu kikabaki hewani. Mafuta yakadondoka kwenye majani, ta, ta.

"Muthiani, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ungekula?"

"Ningekula. Kwa ajili ya mtoto."

Mzee Kilonzo akaketi chini kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi nimekatazwa tangu mwaka jana," akasema. "Nilikuwa nakuogopa wewe. Nilijua ukimaliza hicho utanikatia changu."

Unaona, mwanangu? Wazee wawili wenye akili, kila mmoja tayari kufa ili asimuudhi mwenzake!

Mzee Kilonzo akainua kisu tena, akachuna mafuta yote, nyama iliyobaki akaigawa mara mbili, moja kwa mzee wangu, moja kwake. Heshima ikatimia, maana heshima iko kwenye mkono unaotoa. Mafuta akamtupia mbwa.

"Babu, si ungetupa sisi vijana?" bwana harusi akanung'unika.

"Na sisi tulikuwa vijana," akamjibu.

Nikawaletea isyo na mbaazi na mboga za majani, wakala mpaka shangazi yule akaomba kuongezwa. Mwende akaenda kwake vizuri. Mzee wangu siku hizi anapanda kilima kwa miguu kila asubuhi, na alipopimwa tena mafuta yalikuwa yameshuka. Dawa bado anameza. Usiende kusema susu, nyanya yako, alikwambia uache dawa.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na haya maradhi yanajificha yenyewe, hayaumi, hayakohoi. Nenda upimwe kabla kikombe hakijaanguka. Chipsi na mandazi ya kila siku acha, kuku mtoe ngozi, sigara zima. Mbaazi, ndengu, sukuma, matunda ya shamba letu, hivyo ndivyo vilivyomtembeza mama mkwe wangu mpaka uzeeni. Tembea, si kila mahali pa kupandia pikipiki. Na ukiwa na mgeni, mpikie chakula cha kumrudisha kwako mwaka ujao. Wewe nawe ukikatiwa kinono, sema wazi, "Asante, nimekatazwa." Aibu ya kusema inaisha kabla sahani hazijaoshwa.

Mungu akupe damu inayopita kama maji ya vijito vya Kilungu, bila kukwama. Uzee ukukute umesimama, na kijiko chako ukishike mwenyewe.