Mswidi Aliyeijua Wete

Juzi nilimpeleka mama kupima macho kituo cha afya cha Ibra, hapa Oman. Tulipokuwa tunasubiri, Mswidi mmoja wa makamo, mtalii mwenye bandeji mguuni, alitusikia tukizungumza Kiswahili, akamwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

Mama akaitika marahaba, akamtazama vizuri. Mgeni akatueleza kwamba aliwahi kufanya kazi ya mabomba ya maji Pemba, miaka mitatu.

"Kwetu mtu akipanda basi hutafuta kiti cha peke yake," alisema. "Na kazini ukichelewa dakika tano, unaomba radhi wiki nzima. Wete nilikuwa nikichelewa, wananiuliza kama nimekula."

Mama akacheka, akazungusha ncha ya mtandio kidoleni. "Karafuu bado zinaanikwa barabarani?"

"Zinaanikwa, mama. Gari zinapita pembeni."

"Na harufu yake?"

"Unaisikia kabla hujauona mji."

Nambari yetu ikaitwa. Nikamgusa mama bega.

"Mwache apite mwengine," akasema bila kunigeukia.

Mama aliondoka Wete akiwa msichana mdogo, na hajarudi tena. Kila mwaka huniuliza lini tutakwenda, nami humjibu inshallah, kazi zikipungua. Siku ile nilimsikiliza mtu wa Uswidi akimtembeza mama yangu kwao Wete kwa maneno, mtaa kwa mtaa.

Tuliporudi garini nilimuuliza pasi yake ya kusafiria iko wapi, tuitafute.

"Imo humu mkobani," akasema. "Siku zote imo."