Nduru Haijaribiwi

Baba alikuwa na namna yake ya kufunga nyumba: aliegemeza jembe mlangoni, akaenda zake. Kwetu Kaisho hilo lilitosha. Aliyemtaka alijua mwenyewe yuko kwenye migomba, akamfuata huko. Utoto wangu wote sikuona kufuli pale. Kisha mama alifariki, na kama vile msiba ulikuwa umefungua njia, wakaanza kupita watu tusiowajua. Kwa jirani wa juu walibeba magunia ya kahawa ya maganda. Kwa mwalimu mstaafu walichukua betri ya sola, na mwenyewe wakamwachia jeraha la kichwa ambalo halikupona vizuri. Mimi nimeolewa Ihembe, na kutoka huku hadi kwa baba ni safari ya pikipiki inayokula sehemu nzuri ya siku. Kila simu ilipoita nilitazama kwanza kama inatoka kwa baba.

"Njoo ukae kwangu," nilimwambia.

"Na mama yako nimwachie nani?"

Kaburi la mama liko pale pale kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka mlango wa nyuma. 

Basi nikaenda mjini Kayanga kununua king'ora. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye Kiswahili laini cha pwani, alinitandazia vifaa mezani kama anayeuza vitenge. Kamera zilikuwa nzuri, lakini zilitaka mtandao, na kule kwetu simu inaweza kukukaribisha Uganda ukiwa umekaa sebuleni kwako. Kulikuwa na kengele ndogo ya mlangoni, nikaona hiyo itamtisha paka tu. Mwishowe nikachagua chenye pembe kubwa ya kupazia sauti, sumaku za milango na laini ya simu. Ukikitega, mlango ukisukumwa, kinalia na hapo hapo kinanipigia mimi.

Fundi aliyekuja kukifunga aliniuliza swali moja.

"Dada, kilie kidogo kisha kinyamaze, au kilie mpaka mtu akizime?"

"Mpaka mtu akizime," nikasema. Nilitaka mwizi asipate pa kupumulia.

Baba alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, akimtazama fundi akitoboa ukuta alioujenga kwa mikono yake. "Hapa tuna nduru," alisema, si kwa ubishi, kama mtu anayekumbusha. Nduru ni ukelele wa hatari. Mtu akiupiga, kila anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua panga au fimbo na kukimbilia ulikotoka. Aliyesikia akabaki kwake, kesho yake ataulizwa mbele ya wenzake. Na aliyeupiga bila sababu anatozwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamwambia koo la mzee haliwezi kushindana na pembe ile. Nikamwambia pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nikishaanza methali, huwa nimeshakata shauri.

Fundi akakijaribu. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile kwenye migomba yetu. Kuku walitawanyika na ndama akakata kamba. Kabla hatujamaliza kucheka, watu walikuwa wamejaa uani na mapanga, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa bado na vikapu vya kahawa viunoni. Mbele yao alikuwa jirani yetu wa bondeni, bibi aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga.

"Yuko wapi?" akauliza, akihema.

"Hakuna mtu, mama. Tulikuwa tunajaribu."

Aliangalia pembe ile ukutani, kisha akaniangalia mimi. "Nduru haijaribiwi, mwanangu," akasema. Sikupenda namna alivyosema, taratibu, kama anayemwambia mtu habari za ugonjwa wake.

Baba alitoa rubisi bila kunung'unika. Wakanywa, na katika kunywa wakakubaliana. Bibi wa bondeni ndiye aliyeniletea uamuzi. "Hicho chuma si nduru. Hakina uchungu, hakijui kinalilia nini. Kikilia tutajua kinamwita binti wa Ihembe. Sisi atuite mtu."

Nilikasirika. Nikajibu kwamba vizuri, binti wa Ihembe atakuja. Baba aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Baada ya hapo kililia mara kwa mara. Upepo ulitikisa mlango, au ndama aliusukuma kwa pua, au baba mwenyewe alisahau kukizima kabla ya kufungua mlango. Simu yangu inaita, nampigia, ananijibu, "Ni ndama." Hakuna jirani aliyetoka tena. Majirani walikizoea, wakawa wanaongea kwa sauti ya juu zaidi mpaka kinyamaze. Mimi pia nilikizoea.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mavuno ya kahawa. King'ora kikanipigia. Nikampigia baba, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Nikapanda pikipiki, na njia nzima kile chuma kilikuwa kikinipigia, kila nikikata kinaanza upya. Dereva akaniuliza nani ananisumbua hivyo. Nikamwambia ni nyumbani.

Nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Kwenye mashamba ya pembeni watu walikuwa wakichuma kahawa, na mmoja alinipungia mkono.

Baba alikuwa amelala karibu na kaburi la mama, mguu umegeuka upande usio wake, mdomo wazi. Nikadhani amekufa. Nikapiga magoti, nikaona mdomo unacheza. Nikaweka sikio karibu kabisa, nikasikia king'ora tu. Kidude cha kukizima kilikuwa ndani, kwenye msumari, pale nilipokitundika mimi. Nikakibonyeza, king'ora kikanyamaza. Nikamrudia baba. Mdomo bado ulikuwa unacheza, na hakikutoka kitu isipokuwa pumzi.

Nyayo ndizo zilizonieleza: mtu alikuwa amesukuma mlango wa nyuma. King'ora kilimshtua, akatoka mbio, akamkumba baba aliyekuwa akija kutazama, akapotelea kwenye migomba. Hakuchukua hata kijiko. Nilimpigia fundi nikimfokea, akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kimefanya kazi, dada," akasema.

Bibi wa bondeni alikuja hospitalini alikolazwa baba, na uji kwenye chupa ya chai. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu siwezi kumkosea heshima, lakini niliitoa kwa meno.

"Mlisikia," nikamwambia.

"Tulisikia chuma, mwanangu, mchana kutwa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Tulisema, kama kuna jambo, mwenyewe atatuita."

Baba aliinua mkono kitandani. Sauti yake ilikuwa bado haijarudi, na daktari alikuwa amemkataza kuongea. Tukainama wote wawili, bibi upande wake, mimi upande wangu.

"Niliwaita," akanong'ona.