Muuza Magobori na Mlango Wake

Siku ya kwanza kumwona muuza magobori yule, alikuwa amepanda juu ya meza ya duka lake, anateremsha bunduki ukutani na kuwapa askari. Wakoloni walikuwa wamepiga marufuku kuuza silaha na baruti, hata kuzitengeneza, bila kibali, na kibali mwenyeji hapewi. Jirani yake alikutwa na kopo la baruti, akafungwa. Mimi, seremala, niliitwa kung'oa vishikizo vya bunduki na kupiga rafu za vitambaa.

"Fundi, ziba hata matundu ya misumari," aliniambia. "Wasije wakasema nina nia ya kurudia."

Sijamaliza, akaja mume wa dada yake, amebeba gobori ndani ya mkeka.

"Shemeji! Kumbe siku hizi unawapimia wanawake vitambaa?"

"Cheka tu. Umebeba nini?"

Yule akakunjua mkeka kidogo. "Mtutu una ufa. Nguruwe wanamaliza mahindi yangu. Niangalizie tu."

"Siwezi."

"Si uliniuzia wewe?"

"Zamani. Leo nikiligusa nafungwa, wanangu watakula kwako? Ondoka, askari yuko ng'ambo pale."

"Basi niambie tu kama litastahimili."

Alimsukuma taratibu kwa kiganja, akafunga mlango.

Kesho yake gobori lilimpasukia shemeji yake usoni. Jioni hakuifikia.

Tangu hapo mlango ule haukufungwa tena, usiku wala mchana. Wezi wakabeba majora ya vitambaa, mkewe akalia. Anapima kitambaa, mara anainua macho kizingitini: "Pita ndani, shemeji." Mteja akigeuka, haoni mtu. Wateja wakapungua. Mimi niliendelea kwenda, kwa kuwa sisi wawili hatukuwa wasemaji, tulikaa tu.

Siku moja nikajikaza, nikamuuliza kama ule ufa aliuona.

"Niliuona. Mrefu kama kidole. Sikuhitaji kuligusa, fundi. Neno moja tu lingetosha."

Alipougua, alitaka alazwe mle mle dukani, uso uelekee nje. Nilikwenda kumjulia hali. Ndani walikuwa wanawake peke yao, nikaona haya, nikabaki nimesimama mlangoni. Alinitazama kidogo, kisha akatazama nyuma yangu.

"Fundi, sogea. Umemzibia mwenzako njia."