Risasi ya Tatu

Mkurugenzi wa kiwanda ametamka kwa waraka, na waraka una muhuri, kwamba bunduki mpya ya kuwindia haikwami; anayekwama ni mnunuzi. Kwa hiyo yule mama wa benchi la mwisho, fundi wa bunduki zinazokwama, ambaye mikono yake hunuka mafuta ya mashine hata kwenye misa ya Jumapili, kiofisi hana kazi. Asubuhi hiyo Mhandisi Gervasio alimletea moja iliyokwama kila ilipofika risasi ya tatu. Kesho yake ilitakiwa milimani juu ya mji wa Brescia, mbele ya nguruwe mwitu, na ikikwama huko mhandisi ndiye angeulizwa.

"Kompyuta imepima kila kitu, mama."

"Imepima. Imesikiliza?"

Mama alitoa mfukoni mwa aproni risasi zake sita za bandia, za shaba, zilizong'arishwa na vidole vyake kwa miaka thelathini. Akazijaza kwenye magazini, akafumba macho kama kawaida yake, akakoki polepole. Ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu ikakwaruza.

"Hapo."

Ndani ya magazini palikuwa na ukingo mwembamba kuliko unywele. Akapitisha tupa mara tatu. Gervasio akaomba aongeze ya nne, kwa usalama.

"Ya nne ni ya wanaojifunza, mwanangu."

Zote sita zikaingia kimya. Kadi ya ukaguzi haina nafasi ya kuandika "imetengenezwa", hivyo akaandika "imetazamwa", kwa mwandiko wa kujivunia. Kisha akairudishia bunduki lebo yake: Mali binafsi ya mkurugenzi. Ipitie kwanza kwa mama.