Tusubiri Wenzao wa Juu

Mchanga ulinishika kifuani, dada yangu ukamfunika kichwa. Tulikuwa wote wawili ndani ya kisima cha kufukua kwenye mto mkavu, yeye chini anachota kwa kata, mimi nimesimama juu kidogo napokea ndoo. Ukingo ukaporomoka mara moja. Nilichosikia ni injini ya maji ya Umoja ikinguruma ng'ambo, ikijaza matangi ya watu. Wanaume walinivuta kwa makwapa. Yeye walimtoa baadaye, kata bado iko mkononi.

Mpaka leo naambiwa ilikuwa ajali. Basi nieleze tulifikaje pale.

Kwetu ni bondeni, upande wa barabara ya kwenda Kintinku. Enzi zile za ruksa serikali ilisema maji si ya bure tena, vijiji vijiunge, vichange, vijiendeshee. Vijiji vinne vikaunda Umoja: viwili vya juu, watu wa bustani za nyanya na vitunguu, viwili vya chini, wafugaji. Kila kijiji kura moja. Sisi tulikuwa kitongoji tu, lakini mtaro wa bomba tulichimba pamoja nao, akina mama na watoto mgongoni, kwa ahadi kwamba tukiandikishwa kuwa kijiji tutaingia. Tukaandikishwa. Tukaomba kuingia.

Hapo maneno yakaanza. Sisi nasi ni wafugaji. Tukiingia, wa chini watakuwa watatu, wa juu wawili, na maji yataanza kwenda kwenye mabirika ya ng'ombe kabla ya bustani. Wa juu wakasema watatukubali siku ambayo kitongoji kimoja cha kwao nacho kitakuwa kijiji, tuingie pamoja, nguvu zibaki sawa. Kitongoji chenyewe kilikuwa vinyumba vichache, na wenyeji wake hawakuwa na habari ya kuwa kijiji.

Baba hakuogopa. Mwenyekiti wa Umoja alikuwa mtu wa chini, na kura zikifungana ndiye anayeamua. Tena mwenyekiti huyo alikuwa na ng'ombe wetu zizini kwake. Kwetu ukitaka kushikamana na mtu unamwekea ng'ombe: maziwa na samadi vyake, ng'ombe na ndama wako. Rafiki wa namna hiyo hakunyimi kitu mbele za watu. Baba alimpelekea mwekundu mwenye baka jeupe, aliyekuwa na maziwa kuliko wote. Wazee wenzake nao wakapeleka wa kwao kwa wajumbe wa chini. Tukajiona tumemaliza kazi.

Siku ya kikao tulikaa nje ya ofisi ya kata, madirisha wazi. Mbili kwa mbili. Mwenyekiti akakohoa. "Tusiwagawe watu," akasema. "Tusubiri wenzao wa juu wawe tayari, waingie pamoja." Mtendaji wa kata akagonga meza, kikao kikafungwa.

Baba alimfuata mwenyekiti mlangoni. "Rafiki yangu, ng'ombe wangu analala kwako."

"Na anakula vizuri, mzee mwenzangu. Njoo umwone."

"Sikuja kuuliza habari za ng'ombe."

"Ng'ombe ni mambo yetu mimi na wewe. Haya ni ya Umoja."

Dada yangu akamshika baba mkono. "Twende, baba. Maziwa yetu anayajua, kiu yetu haijui." Watu wakacheka, hata mtendaji. Mwenyekiti hakucheka.

Sababu tuliipata baadaye kwa mjumbe mmoja wa juu, pombe ilipomlegeza. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, mwenyekiti anautaka udiwani, na wa juu walimwahidi kura zao akituacha nje. Udiwani aliupata. Kile kitongoji cha juu hakijawa kijiji mpaka leo.

Kiangazi kilipokaza, mtendaji akaagiza wasio wanachama wasichote. Tulipokwenda na ndoo, mlinzi wa injini alitazama chini. "Dada zangu, mnanibembeleza bure. Mimi nimepewa kufuli tu. Nendeni kwa mwenyekiti." Tukaenda mtoni. Mchanga ulikuwa umefukuliwa na watu wengi mno, kingo zimelegea.

Mwenyekiti alikuja msibani na kibuyu cha maziwa, maziwa ya ng'ombe wetu. Mama alikipokea kwa heshima ya wageni, akaenda kukimwaga nyuma ya nyumba.

Baadaye sana walituingiza Umoja, injini ikiwa imeshakufa na hakuna wa kuitengeneza. Baba naye hayupo. Mwenyekiti yupo, na kwenye mikutano bado anapewa kiti cha mbele.

Sitaki pole yake. Nataka asimame mbele ya vijiji vyote vitano, na yule mtendaji aliyegonga meza asimame ubavuni pake, anijibu mimi niliyetolewa mchangani nikiwa hai: wenzetu wa juu hawakuwa tayari, sawa. Dada yangu alitakiwa anywe nini wakati anawasubiri?